Tembo wa Taulo

Jumamosi moja ya Januari 2023, meli yetu ya kitalii ikirudi Miami kutoka Cozumel, tuliitwa sote tunaosafisha vyumba vya wageni kwenye mesi, pale wafanyakazi wanapolia, saa tisa alasiri. Mkutano wa saa tisa si wa heri. Ndiyo saa ya kuiba usingizi: raundi ya asubuhi umeimaliza, ya jioni haijaanza, na asiyelala saa hiyo hulala saa tatu usiku akiwa amesimama, ameegemea troli ya shuka.

Msimamizi wetu, mtu wa Goa, India, mwenye miaka zaidi ya ishirini baharini, alisoma karatasi bila kuinua macho. Kuanzia kesho, huduma ya jioni basi, isipokuwa kwa vile vyumba vikubwa vya juu. Chumba kitasafishwa mara moja kwa siku. Chokoleti ya kuweka juu ya mto, basi. Barafu, mpaka mgeni aombe. Karatasi ya ratiba ya kesho, mgeni ataisoma kwenye simu yake. Wanyama wa taulo, wale wa kukunja na kuacha kitandani, basi.

Tukapiga makofi.

Nalisema hili mapema kwa sababu nikisimulia kisa hiki nyumbani watu hunionea huruma kabla sijafika mbali. Hapana, tulifurahi. Mvulana mmoja wa Bali, Indonesia, alisimama juu ya kiti. Mimi hesabu yangu ilikuwa fupi: nina vyumba kumi na vinne, kila jioni naviingia tena vyote wageni wakiwa mezani, navuta pazia, napunguza taa, nabadilisha taulo zilizolowa, namwaga taka, nakunja pembe ya blanketi, naweka chokoleti mbili, namfuma mnyama. Dakika kumi kila chumba, nikiwa na bahati. Toa hizo, nitakuwa nalala saa mbili usiku kama watu.

Kusema kweli, kazi ile ya jioni ndiyo pekee niliyoijua kabla sijapanda meli. Bibi yangu kule Likoni, Mombasa, akija mgeni kulala, hakumwacha aingie chumbani mpaka shuka zifukizwe udi, na asmini zimwagwe juu ya mto. Mgeni mwenyewe hasemi kitu. Anaingia, ananusa, anajua amepokewa. Basi nilipofundishwa kazi, mwalimu akituonyesha kwa madaha namna ya kuilaza ile chokoleti katikati ya foronya, nilicheka peke yangu. Nikasema, kumbe asmini imefika Miami, imevaa karatasi ya dhahabu.

Wanyama ndio walinitoa jasho. Aliyenifundisha alikuwa huyohuyo mvulana wa Bali. Tembo anataka taulo mbili. Ile ya kuogea ni mwili: unaitandaza, unaiviringisha kutoka ncha hii na ncha hii, kwa kubana, mpaka zile roli mbili zikutane katikati, halafu unaikunja nusu, roli zikiwa kwa ndani, isimame kwa miguu minne. Ile ndogo ya mikono ni kichwa: unaviringisha pembe mbili zikimbiliane mpaka upate mfano wa kile kikaratasi cha kuuzia karanga, ncha unaipinda iwe mkonga, upande mpana unaurudisha nyuma na kuutawanya, hayo masikio. Siku ya kwanza tembo wangu alisimama kwa muda wa pumzi moja, akapiga magoti, akalala. Ya pili nikagombana na mwalimu. Masikio yake yalikuwa madogo, kama ya panya. Nikamwambia tembo wa kwetu masikio yake ni mapana, yanaweza kumfunika mtoto. Akaniuliza, umewahi kumwona? Nikanyamaza. Hifadhi ya Shimba Hills haiko mbali na kwetu, ina tembo tele, na mimi sijawahi kufika. Lakini masikio sikuyapunguza.

Jumapili asubuhi, wageni wa zamani wakishuka na wapya wakipanga foleni nje, orodha ikabandikwa ukutani. Jina langu, na mbele yake vyumba ishirini na viwili.

Kulikuwa na kijana wa Kisauni jikoni, kazi yake kuosha masufuria makubwa kuliko yeye. Alinipita kwenye ile korido ndefu ya wafanyakazi, inayokata meli kutoka tezi hadi omo, nimeshika orodha. Akaichungulia. "Sheikh," akasema, "yale makofi jana yalikuwa ya nini?"

Ukumbi wetu ulikuwa na vyumba 154. Kwa kumi na vinne kila mtu, wanatakiwa watu 11. Kwa ishirini na viwili, wanatosha 7. Hakuna aliyefukuzwa, wanne waliposhuka kwa kumaliza mikataba, nafasi zao hazikujazwa. Ndipo nikaelewa karatasi ya msimamizi. Meli yetu hubeba wageni zaidi ya 3,000. Kwa siku saba ni chokoleti 21,000, na nilidhani hapo ndipo pesa ilipo. Siyo. Chokoleti ni senti. Gharama ilikuwa ni yule anayeiweka.

Sitaki kuwa mnafiki. Meli zote za kitalii zilisimama Machi 2020, na mimi nilikaa Likoni zaidi ya mwaka nikisaidia shemeji kuuza viazi karai pale kivukoni. Kampuni zilikopa mabilioni ya dola ili zisizame, na deni hulipwa. Tena taulo si mchezo: maji matamu ya meli, mengi yake, hutengenezwa humohumo kutokana na maji ya bahari, na nguvu za kuyatengeneza zinakula mafuta. Chini kabisa kwenye dobi, watu wanafua usiku na mchana kwenye joto la tanuri. Kwa hiyo tuliambiwa tukiulizwa tujibu: ni kwa ajili ya mazingira. Si uongo. Ni kama kumwambia mgeni hukupika kwa sababu moshi unaumiza macho.

Katika vyumba vyangu ishirini na viwili kulikuwa na mzee na mkewe kutoka Ohio, safari yao ya kumi na moja baharini. Jumatatu asubuhi mzee alinisubiri mlangoni, bado amevaa soksi.

"Chokoleti yangu iko wapi?"

Nikamjibu nilivyofundishwa. Akanitazama, wala si kwa ubaya.

"Na hayo mazingira yamenipunguzia nauli kiasi gani?"

Sikuwa na jibu la hilo. Kwenye karatasi halikuwemo. Mkewe akamwita aache kunisumbua, akanivuta ndani, akanionyesha meza ya kioo. Palikuwa na kofia saba ndogo za sufi, zimepangwa mstari kama za wanafunzi wa chuo cha Kurani, kila moja rangi yake. Alizifuma wakati wa baridi, miezi miwili, akingojea safari. Moja kwa kila usiku, za kuwavika wanyama. Ile ya kwanza, ya kijani, ilikuwa na matundu mawili ubavuni.

"Hii ya tembo," akasema. "Jana nilimngoja."

Nimeshaulizwa mara nyingi kwa nini nilifanya nilichofanya. Na bakshishi sikuiwaza hata kidogo? Niliiwaza. Ile tozo ya kila siku wanayokatwa wageni huingia kapu moja, lakini bahasha ya mkononi ya siku ya mwisho ni ya kwako, na bahasha huzaliwa jioni. Mchana mgeni hakuoni. Anakuta tu chumba safi na hajui ni wewe au ni malaika. Lakini mambo ya bahasha yanaeleza nusu tu. Zile kofia zilikuwa zimekaa pale na matundu yake, na mimi najua kutengeneza masikio.

Usiku ule nikagonga kadi ya kutoka saa mbili kamili, nikashuka kama ninayekwenda kulala, nikapanda tena kwa ngazi ya nyuma na taulo mbili chini ya kwapa. Wageni wangu walikuwa kwenye zamu ya pili ya chakula cha jioni. Nikamfuma tembo kwa dakika sita, nikashika kofia. Haiingii! Matundu yalikuwa membamba, ya sikio la kidole kimoja, na masikio yangu yalikuwa ya Afrika. Nikasukuma, kofia ikapanuka uzi mmoja ukakaribia kukatika. Nikasimama pale nikisikiliza korido kama mwizi. Mwishowe nikafumua kichwa chote, nikakifunga upya kwa mtindo wa Bali, masikio ya panya. Kofia ikaingia kama iliyopimwa.

Jumanne, Falmouth, Jamaica, nikafanya kasa. Jumatano tulitia nanga George Town, Grand Cayman, wageni wakapelekwa kwa maboti kwenye lile fungu la mchanga ambako samaki aina ya taa huja kulishwa mkononi, wanaliita Stingray City. Yule bibi wa Ohio alirudi amefurahi kama mtoto, akaniuliza kama kwetu tunao. Nikamwambia tunao wengi. Sikuongeza kuwa kwetu huanikwa, wakapikwa mchuzi wa nazi. Usiku nikamfanyia taa, akakuta amelala kitandani kama chapati yenye mkia, akamvika kofia ya manjano hivyohivyo. Alhamisi bata, Ijumaa sungura, Jumamosi, begi zikiwa zimeshatolewa nje ya milango, nikarudi kwa tembo.

Siri ya korido haikai. Ijumaa mama wa chumba cha jirani alinikamata na kuniuliza kwa nini wenzake wana sungura na watoto wake hawana. Nikamwambia ni ombi maalumu. Akaomba. Nikajikuta na vyumba viwili vya wizi.

Jumapili nikaingia chumba cha wale wa Ohio kubadilisha shuka. Juu ya mto, pale pale pa chokoleti, palikuwa na bahasha ya dola 40 na kofia ya saba, ya zambarau, ambayo ilikosa mnyama kwa sababu ya ule usiku wa kwanza. Ninayo hadi leo. Binti yangu humvika paka, na paka hapendi.

Kadi ya maoni ilikuwa imeshapita njia yake. Saa tano nikaitwa ofisini kwa msimamizi. Kwenye meza, kadi upande mmoja. Upande wa pili, karatasi ya saa zangu za kazi. Alinisomea kadi yote, kwa ile sauti yake isiyo na chumvi. Yule bibi aliandika jina langu kwa herufi kubwa. Aliandika kwamba kila usiku, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu, bila kuombwa, nilikuwa nikija, na kwamba kampuni inipandishe mshahara.

"Saa mbili umegonga kutoka," msimamizi akasema. "Saa mbili na nusu ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa pale anaposema bibi.

Akaeleza bila kufoka, na ningependa angefoka. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006 unataka kila mtu apumzike si chini ya saa 10 katika saa 24, na si chini ya 77 katika siku saba. Akija mkaguzi, anaweka karatasi ya saa mkono huu na kadi ya mgeni mkono huu, halafu anamuuliza yeye, si mimi, ni ipi inayosema uongo. "Kadi nzuri kama hii," akasema, akiigonga kwa kalamu, "sijaipata mwaka mzima. Na siwezi kuipeleka popote."

Akaandika onyo. Nikatia sahihi. Nikadhani nimeruhusiwa, nikageuka.

"Ulifanya wangapi?"

Nikamhesabia: tembo mara mbili, kasa, taa, bata, sungura, na wale wa chumba cha jirani.

"Nyani hukufanya?"

"Nyani anataka hanga ya kuning'inia, bosi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na daktari. Rafu la nyuma yake lilikuwa na taulo safi za mikono. Akavuta moja, akailaza juu ya onyo langu, na vidole vyake, ambavyo sikuwahi kuviona vikishika kitu zaidi ya kalamu, vikaanza kuviringisha pembe. Hakuangalia. Nilihesabu: sekunde ishirini hivi. Kichwa kikakaa mezani, mkonga juu, masikio madogo yamelala nyuma.

"Wa kwetu," akasema. "Kofia ingemwenea mara ya kwanza."

Tukamtazama kidogo wote wawili. Kisha akashika ncha ya mkonga, akakung'uta, taulo ikafunguka yote kwa mpigo mmoja. Akaitupa kwenye kapu la nguo chafu, maana imeshashikwa, akaangalia saa ya ukutani, akaniambia wageni wapya wanapanda saa saba na vyumba vyangu kumi na saba bado.