Namna nilivyojua kwamba wakati wa kununua nyumba umefika

Nilipanga nyumba kwa miaka tisa kabla ya kununua ya kwangu. Katika mwaka wa nne nilikaribia kusaini mkataba wa kununua nyumba ambayo, nikiitazama hesabu yake leo, ingetuelemea vibaya, na naandika haya kwa ajili ya wale walio mahali nilipokuwa mimi wakati ule.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Mwenye nyumba alikuja jioni moja, akaketi, akaeleza kwa upole kwamba anaihitaji nyumba yake na kwamba tuna miezi miwili ya kuhama. Hakutukosea, maana mkataba ulimruhusu. Lakini usiku ule nilimtazama mwanangu amelala kando ya ukuta tuliokuwa tukiuwekea alama za penseli kupima kimo chake, nikaona uchungu wa kuuacha ukuta ule, nikaapa kwamba sitapanga tena. Kila niliyemweleza aliniunga mkono, akiongeza kwamba kodi ni fedha inayotupwa.

Kabla ya kusaini, mume wangu aliniomba tuketi na daftari tuandike fedha zote ambazo zingetoka mikononi mwetu na zisirudi kamwe. Kwa mpangaji fedha hiyo ni kodi, na kwa kawaida orodha inaishia karibu na hapo. Kwa mnunuzi aliyekopa, ni riba, bima, kodi ya majengo pale inapotozwa, ukarabati, pamoja na faida ambayo malipo ya awali, yaani sehemu ya bei anayoitoa mfukoni mwake, yangezaa kama yangebaki yamewekezwa kwingine. Kwa ukarabati, wengi hukadiria asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka, na nyumba kuukuu hudai zaidi. Nyumba tuliyoitaka ilikuwa ikiuzwa kwa bei iliyolingana na kodi ya miaka 24 ya nyumba ya aina ileile, nasi tulikuwa na asilimia 15 tu ya bei hiyo. Tulipojumlisha, fedha isiyorudi kwa kununua ilikaribia mara mbili ya kodi. Nilirudia hesabu mara tatu nikitumaini kwamba nimekosea mahali.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa mwenendo wa mkopo wenyewe, na ningependa kila anayekopa aombe benki jedwali la marejesho kabla ya kukubali chochote. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 8, ukilipwa kwa marejesho sawa ya kila mwezi, humfanya mkopaji alipe jumla ya takribani mara mbili ya alichokopa. Hilo nililitarajia kwa kiasi fulani. Nisilolijua ni kwamba riba hutozwa juu ya deni lililobaki, na kwa kuwa mwanzoni deni ni kubwa, karibu sehemu nne kati ya tano za rejesho la kwanza huenda kwenye riba, na sehemu moja tu ndiyo inayopunguza deni. Baada ya miaka mitano mkopaji huwa amelipa kiasi kinachofikia nusu ya fedha aliyokopa, ilhali deni lenyewe limepungua kwa takribani sehemu moja kati ya nane. Ukiongeza ada ya wakili, uthamini na ushuru wa uhamisho wakati wa kununua, kisha malipo ya dalali wakati wa kuuza, unaelewa kwa nini anayeuza baada ya miaka miwili au mitatu huweza kuondoka na fedha pungufu kuliko aliyoingia nayo, hata kama bei haikushuka.

Kuanzia hapo swali letu lilibadilika. Tulikuwa tukiulizana kama tunaweza kununua, sasa tukawa tunaulizana tutakaa hapo kwa miaka mingapi. Mwaka ule kazi ya mume wangu ilikuwa ya mkataba wa miaka miwili, na hakuna aliyejua angepelekwa wapi baadaye. Tulirudi kupanga. Iliniuma, na ndugu kadhaa waliona tumerudi nyuma, lakini mpangaji anayeweza kuhama kwa notisi ya miezi miwili ana uhuru ambao mwenye deni la miaka 20 hana, na kwa familia iliyokuwa katika hali yetu uhuru huo ulikuwa na thamani kuliko hati miliki.

Tulichofanya katika miaka iliyofuata ndicho ninachokishauri kwa moyo wote. Tulikadiria rejesho la nyumba tunayoitaka, tukatoa kodi tunayolipa, na tofauti iliyobaki tukawa tunaiweka kila tarehe moja katika akaunti tusiyoigusa, kana kwamba benki inatudai. Mwezi wa saba tulishindwa, na wa nane pia. Laiti lingekuwa deni la kweli, tungekuwa tayari katika hatari ya kuandikiwa barua ya onyo. Tukakubali kwamba nyumba tuliyoikusudia ni kubwa kuliko uwezo wetu, tukapunguza chumba kimoja, tukaanza upya, na safari hii hatukukosa mwezi hata mmoja kwa mwaka mzima na nusu. Tulipima pia hali ambayo riba ingepanda, kwa sababu mkopo wenye riba inayobadilika hupanda pamoja na soko: kutoka asilimia 8 hadi 10 katika mkopo wa miaka 20, rejesho huongezeka kwa zaidi ya asilimia 15. Tulipoona kwamba ongezeko hilo lingetubana, tukachagua riba isiyobadilika ingawa ilianza juu kidogo.

Katika mwaka wa tisa mambo yalikutana. Kazi ya mume wangu ilikuwa ya kudumu, mtoto alikuwa na miaka mingi ya shule mbele yake, malipo ya awali yalikuwa yamefikia asilimia 35, na tulikuwa na akiba nyingine ya matumizi ya miezi sita ambayo tuliahidiana isiingie katika ununuzi. Nyumba tuliyoipata ilikuwa na bei sawa na kodi ya miaka 14. Hata hapo fedha isiyorudi ilizidi kodi kidogo, sitaficha, lakini kodi yetu ilikuwa ikipanda kila mkataba ulipohuishwa, na rejesho letu lingebaki palepale. Kupanda kwa bei ya nyumba hatukukuhesabu kabisa, kwa makusudi, kwa kuwa uamuzi unaosimama kwa kutegemea bei ipande ni uamuzi dhaifu.

Nyumba yenyewe tuliitembelea mara nne, na mara moja tulikwenda asubuhi iliyofuata mvua kubwa. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi mpya inayong'aa. Fundi niliyekwenda naye alisogeza kabati, akaweka kiganja ukutani, akaniita niweke changu: ukuta ulikuwa wa baridi na unyevu, na rangi ilikuwa imeanza kufura. Bomba la maji ya paa lilikuwa limeziba na kumwaga ukutani. Gharama ya kulirekebisha tuliikata katika bei, na muuzaji akakubali. Wakili naye alithibitisha katika masjala ya ardhi kwamba jina lililo kwenye hati ndilo la muuzaji na kwamba nyumba haikuwa dhamana ya deni la mtu mwingine. Hatukutoa hata malipo ya kushikilia nyumba kabla ya jibu hilo.

Mwezi wa tatu baada ya kuhamia, pampu ya maji iliharibika na hapakuwa na mwenye nyumba wa kumpigia simu. Tulilipa kutoka katika akiba ya miezi sita, na rejesho la mwezi huo lilikwenda benki kwa tarehe yake. Jioni ile mwanangu aliomba penseli, akasimama kando ya ukuta wa chumba chake, nikamwekea alama ya kwanza.