Siku moja na tochi, Dar hadi Iringa

Saa 10 na nusu alfajiri, stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nakagua matairi, konda anapanga mizigo. Kabla ya kutoka nagusisha kitufe changu kwenye VTS, mtambo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ili ijulikane nani kashika usukani. Nikivuka 80, huo mtambo unapiga kelele hadi abiria wa nyuma anaamka.

Saa 12 tunatoka. Kibaha, Mlandizi: kibao cha 50, nyumba mbili, kibao kingine. Malori yanayokuja yanatumulika taa, maana yake kuna tochi mbele, trafiki na kipima mwendo chake. Hiyo ndiyo teknolojia yetu sisi, na haijawahi kuishiwa chaji.

Saa 2 na robo, karibu na Chalinze, taa zimechelewa. Mwenye tochi huwa humwoni. Kakaa zake chini ya mwembe, anakulenga ukiwa mbali, picha inarushwa kwa simu kwa mwenzake, na huyo ndiye anayekunyooshea mkono.

"Dereva, 63 kwenye 50."

"Afande, hiyo ni ile Noah iliyonipita."

Akanigeuzia simu. Basi langu, namba yangu, mwendo umeandikwa hapo hapo. Tochi ya miale ya leza hupima gari moja tu, lile lililolengwa. Nikameza mate.

Zamani hapa pangekuwa na mazungumzo. Sijifanyi mtakatifu, nimeshawahi kutoa leseni yenye noti ndani. Siku hizi kimashine cha mkononi kinatema karatasi: 30,000, na kumbukumbu namba ya kulipia kwa simu. Usipolipa, deni linaganda kwenye namba ya gari, na yeyote mwenye namba hiyo anaweza kuliangalia mtandaoni. Ila mashine haichagui mwembe wa kukaa. Hilo bado ni la binadamu, na nina manung'uniko yangu.

Saa 5 Mikumi, twiga wako barabarani kama kwao. Ni kwao. Mama mmoja analalamika tunatambaa.

Saa 7 Ruaha Mbuyuni, vitunguu na chakula cha haraka. Kitonga tunapanda nyuma ya lori la shehena, kasi ya baiskeli.

Saa 9 na nusu Iringa. Sijazima hata injini, tajiri, mwenye basi, anapiga simu.

"Pale Chalinze ulikuwa unawahi wapi?"