Makala Kumi na Moja za Saratani, Majina Matatu

"Dokta, umeandika hapa makala kumi na moja, lakini tukikutafuta tunaziona nne." Karani wa kamati ya kupandisha vyeo aliyasema hayo kwa upole, akanirudishia faili. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Makala zile ni miaka kumi na miwili ya kuinamia meza ya maabara, nikichunguza TP53, jeni ambayo kazi yake ni kuzuia uvimbe, katika saratani ya umio, ugonjwa unaouandama ukanda wetu wote kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Sampuli zetu ni vipande vya uvimbe vilivyolowekwa formalini kisha vikazamishwa kwenye nta. Formalini huikatakata DNA, hivyo kupata kipande kinachosomeka vizuri kunaweza kula wiki nzima.

Jioni ile nilianza kujitafuta mwenyewe kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, na haikuchukua muda kuona kilichotokea. Jina langu ni kama la Mtanzania yeyote: langu, la baba, la babu. Jarida la kwanza lililichukua la babu likawa la ukoo, la pili likachukua la baba. Nilipoolewa nikaongeza la mume kwa kistari. Nikawa watu watatu, na mmoja kati ya hao watatu amechanganyika na mtafiti mwingine wa malaria mwenye herufi za kwanza kama zangu.

Usiku huo nilimfikiria sana Bert Achong. Sisi wa fani hii tumelelewa na habari ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakiwa London, walichapisha kwamba wameona kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe huo. Kirusi kinaitwa Epstein-Barr hadi leo. Achong ni mwandishi wa pili wa makala ile ile, na wanafunzi wangu wengi hawajawahi kumsikia. Inaniuma kila ninapoifundisha mada hiyo.

Basi nikafungua ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, isiyobadilika hata jina likibadilika. Ni bure. Nikaiingizia makala moja moja kwa kutumia DOI yake, yaani namba ya kudumu ya makala yenyewe, si kwa kutafuta jina, maana jina ndilo lililoniponza. Tisa ziliingia bila shida. Mbili zilitoka kwenye jarida la hapa nyumbani ambalo tovuti yake ilishazimika. Nilizifuata maktaba, nikapiga picha kurasa zake, nikaomba ziwekwe kwenye hazina ya chuo ili zipate anwani ya kudumu.

Nilijiwekea sharti la kuisoma upya kila makala kabla ya kuiingiza. Ya sita ilinitoa jasho. Ina picha mbili za jeli, ule utando unaotenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa wake, moja ya sampuli za wagonjwa na nyingine ya sampuli za kulinganishia. Kwenye pembe ya kulia ya picha ya kwanza kuna kijipovu chenye umbo la punje ya maharage. Nikaangalia picha ya pili. Kijipovu kile kile, pembe ile ile. Ilikuwa jeli moja iliyowekwa mara mbili.

Nilikimbilia daftari la maabara la mwaka ule. Picha sahihi ilikuwepo, na tarehe yake, na maandishi ya mkono wangu. Matokeo hayakubadilika, ila faili lililopakiwa silo, na aliyelipakia ni mimi. Nilimpigia mwalimu aliyenisimamia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza yote. Alinyamaza, kisha akasema, "Una picha ya asili? Basi mwandikie mhariri kesho asubuhi, usingoje aje kukuandikia yeye."

Niliandika kabla ya saa tatu, nikaambatanisha picha zote mbili za asili na ukurasa wa daftari, na waandishi wenzangu wote nikawapa nakala. Wawili walinipigia wakiwa na hofu. Niliwaelewa: katika kazi yetu daktari mwingine huanzia pale ulipoishia wewe, na picha isiyo sahihi inaweza kumpoteza miezi. Sahihisho lilichapishwa baada ya miezi mitatu, na sasa ukiifungua ile makala unaliona juu yake.

Nilirudi kwa kamati na ukurasa mmoja na namba moja. Karani aliweka kidole kwenye karatasi, akahesabu polepole.

"Kumi na moja. Na huu mstari wa chini ya ile ya sita?"

"Ni sahihisho lake," nikamwambia. "Liandike nalo."