Usafi wa makundi mchanganyiko shuleni: tulivyoupanga Moshi

Shule nyingi za msingi hufanya usafi asubuhi, kila darasa na eneo lake. Mtoto anayetoka mbali akichelewa anaukosa, kisha anaadhibiwa kwa kupewa usafi. Hapo fagio limeshageuka fimbo. Na darasa la saba linamaliza shule bila kujua jina la mtoto hata mmoja wa darasa la kwanza.

Nilipopewa kazi ya mazingira niliazima mpango wa Japani. Kule wanafunzi husafisha shule wenyewe, mara nyingi baada ya chakula cha mchana, kwa dakika 15 hadi 20, na shule nyingi huchanganya madarasa ili wakubwa waongoze wadogo. Kwetu si jambo geni kihivyo: sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi.

Tulikuwa na watoto 280, kama 40 kila darasa. Tukaunda makundi 20 ya watoto 14, wawili kutoka kila darasa. Ndugu wa tumbo moja tuliwatenganisha, maana wakikaa pamoja mdogo hatamzoea mtu mwingine. Kundi halibadiliki mwaka mzima. Linalobadilika ni eneo, kila Jumatatu. Muda tuliuhamishia saa 4:20 hadi 4:40, baada ya uji. Saa hiyo uchafu upo kweli, na waliochelewa wameshafika.

Kila kundi lina mafagio matatu ya chelewa, fagio moja la uani, ndoo mbili za lita 10, kizoleo na madekio manne. Maji huchotwa kabla ya masomo, madumu manne ya lita 5 kwa kila kundi. Ukiacha wachote wakati wa usafi, dakika 20 zote zitaishia kwenye foleni ya bomba.

Jambo moja la Kijapani halikuwezekana kama lilivyo. Watoto wao huinama na kusukuma tambara lenye unyevu korido nzima. Wanaweza kwa sababu ndani huvaa viatu vya ndani. Sisi tunaingia na udongo mwekundu wa uwanjani, na tambara bichi juu ya vumbi hilo linapaka tope tu. Kwa hiyo nyunyiza maji kwa vidole, kikombe kimoja kwa darasa zima, subiri vumbi lilale, fagia kutoka ukutani kuja mlangoni, zoa, ndipo udeki. Dekio likamuliwe mpaka lisidondoshe hata tone, la sivyo sakafu haitakauka kabla ya kipindi na watoto watateleza. Mijakaranda ikipukutisha maua, yaokoteni kabla ya kumwaga maji. Yakilowa na kukanyagwa ni utelezi mtupu.

Vyoo ni vya darasa la sita na la saba wa kundi lenye zamu, wakiwa na glovu, brashi ya mpini mrefu na mwalimu karibu. Dawa ya klorini anachanganya mwalimu, kwa maji peke yake, kamwe si pamoja na dawa nyingine. Wote wananawa kwa sabuni kabla ya kurudi darasani.

Kilichokaribia kutuharibia ni darasa la saba kugeuka wanyapara: mikono mfukoni, wakielekeza wadogo kwa vijiti. Tukaweka sharti kwamba kiongozi wa kundi ndiye mwenye dekio. Asiyeinama haongozi. Ukaguzi nao tukauondoa kwa viranja, tukaukabidhi kwa kundi litakalopokea eneo hilo Jumatatu inayofuata. Hilo linajua kwamba uchafu ulioachwa leo litaukuta lenyewe.

Faida niliyoithamini zaidi ilikuwa kwenye mahudhurio. Mtoto akikosekana, kundi lake linauliza siku ileile, na mara nyingi kuna jirani yake anayejua kama anaumwa.

Kutoka Urusi tulichukua kengele. Kule tarehe 1 Septemba mwanafunzi wa darasa la mwisho humbeba begani mtoto wa darasa la kwanza akipiga kengele ya kufungua mwaka. Sisi yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Siku ya kwanza ya masomo Januari, wa la saba anamnyanyua wa la kwanza aifikie. Mila ya Ujerumani ya kumpa mtoto mpya koni kubwa ya karatasi iliyojaa peremende na vifaa vya shule ni nzuri, ila mzazi ndiye anayeigharamia, nami sikutaka siku ya kwanza ionyeshe nani hana.

Mtihani wa darasa la saba uko Septemba, kwa hiyo usingoje Agosti. Muhula wa pili ukianza Julai, wa la sita akabidhiwe dekio, na wa la saba abaki kwenye kundi akibeba ndoo mpaka mwenzake azoee.