Sita juu ya kumi

Leo namba sita imenikaa kichwani. Mwenye maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyopita miezi 3, huulizwa yanauma kiasi gani kutoka sifuri hadi kumi. Anajibu sita, inaandikwa sita, na mazungumzo yanahamia kwenye dawa.

Lakini sita ya mmoja ni kiuno kinachokaza akiinama na kupoa akijinyoosha. Sita ya mwingine ni moto unaoshuka takoni, nyuma ya paja, hadi kwenye unyayo, na shoti kama ya umeme akikohoa. Shuka tu ikimgusa mguu, hawezi kulala. Kwa wa kwanza, neva, yaani mshipa wa fahamu, inapeleka habari za misuli na maungio. Kwa wa pili, tarishi mwenyewe ndiye aliyeumia: mzizi wa neva umebanwa au umevimba kwa sababu ya diski, ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, nao unapiga mbiu hata pasipo habari. Wengi wana yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo namba hupotosha zaidi.

Kwa hiyo swali la kuanzia ni yanaumaje. Hojaji ya DN4, ya kutambua maumivu ya neva, iliyotoka Ufaransa mwaka 2005, ina vipengele 10. Saba ni vya kuuliza: kuwaka moto, baridi inayouma, shoti, kutambaliwa kama na sisimizi, kuchomwa sindano, ganzi, kuwasha. Vitatu ni vya kupima kwenye ngozi: je, mguso umefifia, mchomo umefifia, na kupitisha brashi laini kunaleta maumivu? Zikifika alama 4, neva inashukiwa. Hojaji nyingine ya aina hiyo, painDETECT ya mwaka 2006, mgonjwa huijaza mwenyewe. Alama 19 kwenda juu inaelekea kwenye neva, 12 kushuka chini haielekei, katikati hapasemi. Hizi ni chekecheo tu. Bado mguu lazima ushikwe na upimwe.

Simama kwa mguu mmoja, gusa ukuta, inuka kwa vidole vya mguu mara 10, kisha badilisha mguu. Upande unaochoka mapema unaelekeza kwenye S1, mzizi wa neva unaotoka chini ya mgongo, ambao ganzi yake hukaa ukingo wa nje wa mguu. Kushindwa kutembea kwa visigino, na ganzi ya juu ya mguu hadi kidole gumba, huelekeza kwenye L5, mzizi ulio juu yake. Udhaifu unaoongezeka usisubiri miadi. Ganzi ya sehemu zinazokalia tandiko la baiskeli, au mkojo kuziba, ni hospitali saa hiyohiyo.

Picha ya MRI peke yake haimalizi ubishi. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2015 ulikuta diski zilizochakaa kwa 37% ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na 96% ya wale wa miaka 80.

Kinachonisikitisha ni jinsi usingizi unavyosahaulika. EQ-5D, kipimo kinachotumika sana cha ubora wa maisha, kina maeneo 5 na usingizi haumo. Ndiyo maana naipenda Oswestry, hojaji ya jinsi maumivu ya kiuno yanavyozuia shughuli za kila siku: ina sehemu 10, na kulala, kukaa na kusimama kila kimoja kina sehemu yake. Kila sehemu ni alama 0 hadi 5, jumla inagawanywa kwa 50 kupata asilimia. Wengi huruka swali la tendo la ndoa, na hapo anayehesabu akisahau kugawanya kwa 45 badala ya 50, mgonjwa anaonekana ana nafuu kuliko alivyo.

Kuhusu vidonge, tahadhari. Amitriptilini huanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 10 usiku, na kupandishwa polepole. Hukausha mdomo na kuleta usingizi hadi asubuhi. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, ilijaribiwa Australia kwa sayatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, na matokeo ya 2017 hayakuonyesha kuwa inashinda kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu kiliongezeka. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla.

Daftarini, badala ya sita, andika dakika ulizoweza kukaa, mara ulizoamka usiku, na maumivu yalipoishia mguuni. Hilo la mwisho lina siri yake: yakirudi juu kutoka unyayoni hadi gotini, kisha takoni, mara nyingi ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi ya jana.