Tulivyorudisha nyika ya kaluna iliyokuwa imemezwa na mibetula

Kaluna ni kichaka kifupi cha maua ya zambarau kinachopenda mchanga wenye tindikali na usio na rutuba. Kusini mwa Uingereza, hasa Dorset na Surrey, nyika zake zilidumu kwa sababu watu walilisha mifugo humo, wakakata kuni na kuchimba mabonge ya udongo wenye mizizi kwa ajili ya kuwashia moto. Kazi hizo zilipokoma, miti iliingia, hasa mibetula na misonobari. Kwa hiyo anayeniambia tuiache nyika ijiendee yenyewe namjibu kwamba kuiacha ni kuipoteza. Mibetula ikishafunga kivuli, mjusi wa mchanga hana tena mahali pa kuota jua.

Kipande nilichosimamia kinalindwa kisheria kwa umuhimu wake wa kisayansi. Hivyo tulianza kwa kupata idhini ya Natural England, wakala wa serikali wa uhifadhi wa mazingira, kisha kibali cha kukata miti kutoka Forestry Commission, idara ya misitu, maana bila kibali mwisho huwa ni mita 5 za ujazo kwa kila robo ya mwaka. Tuliwaeleza pia watu wanaopita hapo kila siku kwa nini miti itaanguka. Hatua hii hurukwa mara nyingi, halafu malalamiko husimamisha kazi katikati ya msimu.

Tulikata kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari, kwa kuwa ndege huanza kutaga baada ya hapo. Miche isiyofika magotini tuling'oa kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Ukiwa mkavu shina hukatika na mzizi hubaki. Msonobari ni rahisi: ukate chini ya tawi la mwisho lenye majani mabichi, hauchipui tena. Mbetula ndiyo yenye kazi. Kisiki kisichotibiwa hutoa machipukizi mengi kuliko shina ulilokata. Tulikikata karibu na ardhi, tukapangusa unga wa mbao, tukapaka glaifoseti, dawa ya kuua mimea, iliyochanganywa na rangi muda huohuo, kabla jeraha halijakauka. Rangi hiyo huonyesha kisiki kilichosahaulika. Usipake dawa wakati utomvu unapopanda kuelekea majira ya kuchipua, kwa sababu kisiki huvuja na kuisukuma dawa nje.

Kuna misonobari michache iliyotawanyika tuliyoiacha makusudi. Ndege aitwaye kirukanjia (nightjar) hukaa juu yake akiimba usiku.

Baada ya kukata, mbao na matawi yote lazima yatoke. Ukiyaacha yaoze au ukayasaga na kuyatandaza, unairutubisha ardhi, na rutuba huleta nyasi zinazoisonga kaluna. Majivu nayo ni mbolea. Pale ambapo hatukuweza kuvuta matawi hadi njiani, tuliyachoma juu ya mabati yaliyoinuliwa, kisha tukayazoa majivu na kuyatoa nje ya nyika.

Kangaga (bracken), mmea usio na maua unaotanda kwenye nyika, inataka subira zaidi, kwa sababu nguvu yake imo katika mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Tuliifyeka majani yalipokaribia kukunjuka kabisa, kati ya Juni na Julai, mmea ukiwa umetumia akiba yake kubwa, kisha tena wiki 6 hivi baadaye. Panga kufanya hivyo kwa miaka 3 mfululizo au zaidi. Ukiacha mwaka mmoja, akiba inajazwa upya. Kabla ya kila ufyekaji tulikagua viota, kwani kirukanjia hutaga mayai yake 2 chini kabisa, bila kujenga chochote. Kisha tulikwangua kwa reki lile tabaka nene la majani makavu. Mbegu za kaluna huishi miongo kadhaa udongoni, lakini ziko karibu na uso wa ardhi na zinahitaji mwanga. Kwangua takataka tu: ukichimba kwenda chini, unazitupa mbegu zenyewe.

Kwenye miteremko inayotazama kusini tulifungua mikanda ya mchanga mtupu, upana wa mita 1 hivi, ikigusana na kaluna iliyokomaa. Mjusi jike hufukia mayai humo mwishoni mwa Mei na Juni, na jua ndilo linaloyaangua. Mchanga ulio mbali na vichaka haumfai, maana hana pa kukimbilia.

Ili miti isirudi tunatumia ng'ombe wachache, kama mmoja kwa kila hekta 4 au 5. Wakizidi, kaluna inakanyagwa na mikanda ya mijusi inaharibika. Ikiwa ardhi ni ya matumizi ya pamoja (common land), uzio unahitaji kibali cha serikali chini ya sheria ya mwaka 2006, kwa hiyo anza maombi mapema.

Tishio linalobaki ni nyumba. Kuzunguka nyika zinazolindwa za Dorset na bonde la Thames, nyumba mpya kwa kawaida haziruhusiwi ndani ya mita 400, kwa sababu ya paka, moto na mbwa wanaofukuza ndege viotani. Miongoni mwa ndege hao ni virukanjia, na baadhi yao hukaa miezi ya baridi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha hurejea hapa Mei. Kuanzia Machi hadi Agosti tunaweka mabango yanayoomba mbwa wafungwe kamba, na huyaweka kwenye maegesho, kabla mwenye mbwa hajafungua mlango wa gari.