Efekti ni zile zile, picha si ile ile

Efekti zilezile zikipangwa kwa foleni tofauti hutoa picha tofauti. Chukua picha ya chukudu (skuta ya mbao ya Goma) iliyokatwa vizuri, PNG yenye uwazi, uiingize After Effects, programu ya efekti za video. Ipe efekti ya Ombre portée (Drop Shadow), kivuli kiangukie chini kulia. Sasa izungushe nyuzi 90 kufuata saa. Kivuli kimehamia chini kushoto, kana kwamba jua la Goma limebadilisha upande wakati chukudu inageuka.

Hapo wengi huanza kusahihisha pembe ya kivuli kwa mkono, fremu baada ya fremu. Kazi bure. Ndani ya kila tabaka After Effects ina foleni yake: maski kwanza, kisha efekti moja moja kuanzia ya juu, kisha ukubwa, mzunguko na mahali, na nyuma ya hizo zote Styles de calque (mitindo ya tabaka, Layer Styles). Kivuli kilichorwa picha ikiwa bado wima, ndiyo maana kinabebwa nayo. Futa efekti hiyo, utumie kivuli kilicho ndani ya Styles de calque, maana chenyewe huja baada ya mzunguko. Au weka efekti ya Transform juu ya kivuli, uzungushie hapo.

Maandishi ndiyo yanayochanganya watu. Kwa tabaka za maandishi na za maumbo, programu hufanya mzunguko kabla ya efekti. Kwa hiyo jina la bibi harusi linatoka sawa, na nembo iliyo kando yake inatoka vibaya, kwa efekti ileile na vipimo vilevile.

Premiere, programu ya kuhariri video, nayo: efekti unazoongeza hufanyika kabla ya Trajectoire (Motion: mahali, ukubwa na mzunguko wa klipu), hata kama Trajectoire imeandikwa juu yake kwenye orodha. Tia ukungu wa 20 kwenye klipu, halafu uikuze hadi asilimia 200: ukungu nao unakuzwa, unaonekana kama wa 40. Ukitaka ukubwa utangulie, acha Trajectoire, weka Transform juu ya ukungu. Kwa DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, kumbuka kwamba Fusion, ukurasa wake wa efekti, hutangulia ukurasa wa rangi. Nembo nyeupe iliyobandikwa ndani ya Fusion itapata njano yote utakayoipa klipu. Ibandike kwenye njia ya juu, peke yake.

Kwenye rangi, foleni mbaya huua picha kabisa. Tuseme mawingu juu ya ziwa Kivu yako kwenye 200, na lava nyeusi ya barabarani iko chini sana. Katika biti 8, yaani namba 0 hadi 255, ukizidisha mwanga mara mbili, 200 inapaswa kuwa 400, lakini dari ni 255. Ukigawanya tena kwa mbili unabaki na 127, na kila kilichokuwa juu ya hapo kimekuwa 127 vilevile: wingu limegeuka karatasi. Katika hesabu ya biti 32 yenye desimali, 400 inahifadhiwa na 200 inarudi. Lakini ukiweka LUT (jedwali la kubadilisha rangi) katikati ya hatua hizo mbili, mara nyingi LUT yenyewe hukata kila kilicho juu ya dari, na hata biti 32 haziokoi kitu. Sahihisha mwanga kwanza, LUT ifuate. Anayetia LUT halafu anatafuta mawingu yake anatafuta kitu ambacho hakipo tena.

Mng'ao mwekundu wa volkano ya Nyiragongo usiku una shida nyingine, maana ukungu unaoutengeneza huchanganya piseli jirani. Changanya piseli nyeupe na nyeusi nusu kwa nusu. Ukikokotoa juu ya namba za kawaida za sRGB, ambazo tayari zimepindwa na gama (mkunjo wa mwanga), unapata 128. Ukirudi kwanza kwenye mwanga halisi, yaani linia, ukachanganya, kisha ukarudisha gama, unapata kama 188. Tofauti si ndogo: ule wa kwanza ni mng'ao mchafu wenye kingo za giza, wa pili unawaka. Basi: geuza kuwa linia, tia ukungu, rudisha gama.

Kingo za mtu aliyekatwa zina hesabu yao pia. Piseli ya ukingoni yenye rangi 0,8 (1 ikiwa nyeupe kamili) na alfa, yaani kiwango cha kuziba kilicho nyuma, ya 0,5 huhifadhiwa kama 0,4 ikiwa rangi imeshazidishwa kwa alfa. Ipe gama ya 2, yaani kipeuo cha pili, moja kwa moja: unapata 0,63. Lakini jibu sahihi ni 0,45, kwa sababu gama ilipaswa kuigusa 0,8, ndipo alfa izidishe. Ziada hiyo ndiyo ule uzi mweupe unaozunguka nywele za waimbaji wa kwaya. Gawanya kwa alfa, rekebisha rangi, zidisha tena.

Mikanda ya DV (kanda za video ya dijitali) ya mfumo wa PAL, kama ya enzi za lava ya Januari 2002, ina mistari 576 iliyogawanyika nusu mbili za mistari 288, kila nusu ya wakati wake. Ukibadilisha urefu wa picha kabla ya kuzitenganisha, mistari inachanganyika na hakuna kichujio kitakachoitenganisha baadaye. FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, husoma vichujio kutoka kushoto kwenda kulia, basi kwa mkanda wa 4:3:

ffmpeg -i mkanda.dv -vf "yadif=1,hqdn3d,scale=768:576,setsar=1,unsharp" tokeo.mp4

Tenganisha (yadif), ondoa punje, yaani chembechembe za kelele ya picha (hqdn3d), badilisha ukubwa (scale), noa (unsharp). Kunoa kukitangulia, punje ndizo zinazonolewa, halafu hqdn3d inazichukua kuwa sehemu za sura ya mtu.

Ila kuondoa punje mapema si sheria ya kila siku. Klipu ya 3840×2160 inayoishia 1920×1080 ina piseli mara nne ya zinazohitajika, na kila nne zinapounganishwa kuwa moja, punje zenyewe hupungua karibu nusu. Kama unatumia jenereta na kazi inaenda WhatsApp, punguza ukubwa kwanza. Kama ni klipu ya kukata mandharinyuma ya kijani, usithubutu: ondoa punje kwenye ukubwa kamili, tengeneza alfa kutoka hapo, kisha alfa hiyo uipe picha ya asili yenye punje zake.